Uzi: Mwongozo wa toleo la zamani la lugha ya programu unapatikana wapi? Kwa wanaorithi mifumo ya PHP 5, Python 2, FoxPro na wenzake

FundiUyole (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni kwa wenzangu mnaoitwa kutengeneza mifumo ambayo hamkuiandika. Huku Nyanda za Juu Kusini kumejaa mifumo ya namna hiyo: vyama vya msingi vya kahawa Mbozi, SACCOS za Njombe, viwanda vya chai Rungwe na Mufindi, wauza mbao Mafinga, maduka ya pembejeo Mwanjelwa. Mtu aliandika programu mwaka 2008 au 2009, akalipwa chake, akahama. Programu ikabaki inahesabu kilo na shilingi mpaka leo. Siku kompyuta inapokufa, au bodi inaponunua mashine mpya, ndipo simu inapigwa kwako.

Wengi tukishapokea kazi hiyo tunafungua mwongozo wa lugha kama ulivyo leo mtandaoni, tunaanza kurekebisha. Nasema kwa dhati, hapo ndipo kazi inapoharibika. Mwongozo wa PHP wa leo unaeleza PHP ya leo. Programu iliyoandikwa kwa PHP 5.2 ilifuata kanuni za PHP 5.2, na kanuni zile ziko kwenye mwongozo mwingine. Huo ndio wa kutafuta kwanza, kabla hujagusa mstari hata mmoja.

Kuna hitilafu zinazojitangaza zenyewe. Ukihamishia mfumo wa 2009 kwenye PHP mpya utaambiwa mysql_connect() haipo. Hiyo ni nyepesi. Familia nzima ya fanksheni za mysql_ (za kuongea na hifadhidata ya MySQL) ilitangazwa kuwa inaelekea kuondolewa tangu toleo la 5.5 mwaka 2013, ikafutwa kabisa kwenye 7.0, Desemba 2015. ereg() na split() nazo zilifutwa kwenye 7.0. Mfumo unasimama, unaona kosa, unatafuta mbadala.

Zinazoniogopesha ni zile zinazonyamaza. Chukua mfano huu. Mwandishi wa zamani alitaka kuwazuia wakulima ambao uzito wao haujaandikwa, akaweka sharti: kama kilo ni sawa na 0, usipitishe. Karani akiacha nafasi wazi, PHP ya wakati ule ilihesabu kwamba nafasi wazi ni sawa na 0, kwa hiyo sharti lilimkamata. PHP 8, iliyotoka Novemba 2020, ilibadilisha kanuni ya kulinganisha namba na maandishi. Nafasi wazi si sawa tena na 0. Sharti ni lile lile, herufi kwa herufi, lakini rekodi isiyo na uzito inapita. Hakuna ujumbe mwekundu, hakuna kitu kinachosimama. Ukisoma mwongozo wa leo peke yake, utaona sharti lile kama uzembe wa mwandishi na utalifuta. Ukisoma wa wakati ule, utajua alikuwa na maana gani.

Sasa mwongozo wenyewe unapatikana wapi. Nitaeleza kwa mpangilio ninaoufuata mimi, na naomba mwenye njia nyingine aiweke.

Anzia kwenye kompyuta ile ile iliyokuwa inaendesha mfumo. Watu wanairuka hatua hii wanakimbilia intaneti. Tafuta faili zote zenye mwisho wa .chm na .hlp (faili za msaada za Windows), .pdf na .txt kwenye diski nzima, siyo kwenye folda ya mfumo pekee. Angalia folda za Downloads na My Documents za yule aliyeuandika, kama akaunti yake bado ipo. Miaka ile bando lilikuwa ghali na mtandao wa kusuasua, kwa hiyo waandishi wa programu walikuwa wanapakua mwongozo mzima mara moja na kuuweka kwenye mashine. Mwongozo wa PHP ulikuwa unagawiwa kama faili moja la .chm, na aghalabu utalikuta limelala pale pale, la mwezi ule ule mfumo ulipoandikwa. Hakuna kwingine utakapopata nakala inayolingana na kazi kuliko hiyo.

Ukikosa, nenda kwenye hazina ya mradi wenyewe. Watu wa PHP waliondoa maelezo ya PHP 4 na PHP 5 kwenye mwongozo wa kawaida, lakini wameacha nakala pembeni. Ingia ukurasa wa nyaraka wa php.net, shuka chini mpaka sehemu ya matoleo yaliyostaafu. Matoleo yenyewe ya zamani yako museum.php.net. Na ndani ya kifurushi cha msimbo wa matoleo mengi kuna faili mbili ambazo wengi hawazifungui kabisa: NEWS na UPGRADING. Hiyo ya pili ndiyo inayokuambia nini kilibadilika ukitoka toleo moja kwenda lingine. Mimi huwa nazisoma zote kwa mfululizo, kuanzia toleo la mfumo mpaka toleo ninalohamia, huku nikitia alama kila kinachogusa msimbo nilionao.

Baada ya hapo ndipo Wayback Machine ya Internet Archive. Inahifadhi kurasa za tovuti tangu 1996, na ilifunguliwa kwa umma mwaka 2001. Unaweka anwani ya ukurasa, unachagua mwaka. Lakini kuna mtego, nitaueleza chini kwa sababu uzi umeshakuwa mrefu.

Karibuni.

MdauVwawa

Mkuu FundiUyole, ndaga fijo kwa uzi huu, umekuja wakati wake. Mimi nina mfumo wa chama kimoja cha msingi upande huu wa Mbozi, wa kupokea kahawa na kulipa malipo ya awali. Kompyuta imekufa kabisa, haiwaki. Nimetoa diski tu. Nitajuaje ilikuwa PHP toleo gani wakati siwezi kuiwasha?

FundiUyole (mleta uzi)

Diski inatosha, mkuu. Iunganishe kwenye mashine nyingine kwa waya wa USB, na usiandike chochote juu yake. Ukiweza, nakili diski nzima kwanza halafu fanyia kazi nakala.

Kisha tafuta folda ya PHP. Kama waliweka WampServer (kifurushi kinachoweka PHP, MySQL na Apache kwa pamoja), namba ya toleo iko kwenye jina la folda yenyewe, ndani ya wamp\bin\php. Unamaliza hapo.

Kama waliweka kwa mkono na folda inaitwa php tu, angalia majina ya faili. Ukikuta php4ts.dll ni PHP 4. Ukikuta php5ts.dll ni PHP 5. Ili kujua ni 5 ipi, tazama mifano ya faili la mipangilio waliyoiacha humo: php.ini-dist na php.ini-recommended zilikuwepo mpaka 5.2. Kuanzia 5.3 zikaitwa php.ini-development na php.ini-production. Mwisho fungua news.txt, mistari ya juu kabisa ina namba ya toleo na tarehe. Hiyo ndiyo inayokata mzizi wa fitina.

Na usiishie kwenye PHP. Andika pia toleo la MySQL (hifadhidata) na la Apache (seva ya wavuti). Mfumo ule ulisimama juu ya vitu vitatu, kila kimoja kina mwongozo wake.

MdauVwawa

Nimeona php5ts.dll na php.ini-recommended. Kwa hiyo ni 5.2 au chini yake. Narudi kutazama news.txt.

Kihesa_Dev

Samahanini wakuu, lakini mimi sioni haja ya yote haya. Mfumo wa 2009 unafukuliwa wa nini? Andika upya kwa zana za leo, unamaliza, na mteja anapata kitu kipya chenye usalama. Huko ni kupoteza muda wa mteja.

FundiUyole (mleta uzi)

Mkuu Kihesa_Dev, kuhusu usalama niko pamoja na wewe. PHP 5 iliacha kabisa kupokea marekebisho ya usalama mwisho wa 2018, na simshauri mtu yeyote aiache ikipumua kwenye intaneti. Wala sisemi mfumo usiandikwe upya.

Swali langu ni hili: utauandika upya ukifuata nini? Kwenye vyama hivi hakuna karatasi inayoeleza namna makato yanavyohesabiwa. Kulikuwa na mtu mmoja aliyekaa na mwenyekiti na mhasibu, akaelewana nao kwa mdomo, akaandika msimbo. Makubaliano yale yamebaki kwenye msimbo peke yake. Kuna kato la deni la pembejeo, kuna mchango wa chama, kuna ushuru, na kuna utaratibu wa kipi kinaanza na kipi kinafuata. Ukibadilisha mpangilio huo kwa sababu hukuelewa fanksheni ya zamani ilikuwa inarudisha nini, umebadilisha malipo ya mkulima wa Itaka au Igamba na yeye hana namna ya kujua. Atapokea pesa pungufu na risiti iliyochapwa vizuri.

Kwa hiyo mwongozo wa zamani ni wa kusomea msimbo wa zamani. Ukishaelewa kila mstari ulikuwa unafanya nini wakati ule, andika upya kwa zana unayoitaka, na matokeo yalingane. Mimi siwezi kukubali kazi inayogusa jasho la watu ifanywe kwa kukisia.

MajaniMufindi

Naungana na mleta uzi, na nina mfano wa Python.

Nahudumia programu ndogo inayosoma mizani ya majani ya chai mabichi na kuandika kilo kwa namba nzima. Iliandikwa kwa Python 2. Kuna kijana aliyenitangulia alibadilisha print zote ziwe na mabano, programu ikawaka kwenye Python 3, wote wakaridhika. Lakini Python 2 ikikadiria 12.5 inatoa 13. Python 3 inatoa 12, kwa sababu nusu kamili inapelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu. Ukiwa na 13.5 zote mbili zinatoa 14. Kwa hiyo ukijaribu kwa mfano mmoja wa bahati nzuri huoni tofauti yoyote.

Na kugawanya pia. Python 2, ukigawa 7 kwa 2 zikiwa namba nzima, unapata 3. Python 3 inakupa 3.5.

Yote mawili yameandikwa wazi kwenye mwongozo wa kila toleo. Ukiweka kurasa mbili za round() sambamba, ya 2.7 na ya sasa, unaona sentensi iliyobadilika. Wa Python hatuna shida ya kutafuta sana: docs.python.org/2.7 bado ipo mpaka leo, ingawa Python 2 ilifikia mwisho tarehe 1 Januari 2020.

FundiUyole (mleta uzi)

Asante sana MajaniMufindi, mfano wako wa 12.5 ni mzuri kuliko wangu. Mkulima anayeleta kapu moja moja ndiye anayeumia.

Niongezee hapo. Python wametunza nyaraka zao vizuri kuliko lugha nyingi ninazozijua. Siyo 2.7 tu, hata matoleo madogo ya nyuma yana anwani zake, kwa mfano docs.python.org/release/2.5.2. Na kama Python ile ya zamani bado inawaka kwenye mashine, huhitaji mtandao: andika python -m pydoc -p 8080, kisha fungua kivinjari kwenye anwani ya localhost:8080. Maelezo yanatolewa kwenye moduli zilizopo pale pale, kwa hiyo hayawezi kutofautiana na toleo linaloendesha programu. Hata maktaba za nje zilizowekwa kwenye mashine utaziona humo.

Sasa ule mtego wa Wayback Machine niliouahidi.

Unapofungua nakala ya ukurasa wa mwongozo ya mwaka 2008, halafu ukabofya kiungo cha ndani, mfumo wao hautafuti lazima nakala ya siku ile ile. Unakupeleka kwenye nakala iliyo karibu zaidi na tarehe hiyo kati ya zilizohifadhiwa. Kama ukurasa wa pili haukuhifadhiwa 2008, unaweza kujikuta kwenye nakala ya 2013 bila kushtuka, kwa sababu sura ya tovuti inafanana. Umesoma kanuni ya toleo lingine ukidhani uko pale pale. Kinga yake ni kutazama ile safu ndefu ya tarakimu katikati ya anwani juu kwenye kivinjari. Nne za mwanzo ni mwaka, mbili zinazofuata ni mwezi, mbili zinazofuata ni siku. Itazame kila ukurasa unapofunguka, siyo wa kwanza tu.

Ukiweka nyota mahali pa tarehe, na nyota nyingine mwisho wa anwani, unapata orodha ya kila kilichohifadhiwa chini ya anwani hiyo. Humo ndimo utakamokuta faili za .zip na .pdf za mwongozo mzima, ambazo tovuti yenyewe ilishazifuta. Napendelea kuchukua faili zima lililofungwa siku moja kuliko kuokota ukurasa mmoja mmoja wa tarehe tofauti.

Na kwa injini ya utafutaji, Google inakubali uandike before: ikifuatiwa na tarehe, mfano before:2011-01-01. Inapunguza maelezo mapya yanayofunika ya zamani. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, ilianza 2008, kwa hiyo majibu yake ya miaka ya mwanzo ni ya zama zile zile za mifumo yetu. Watu wanayadharau kwa kuwa yamepitwa, wakati wewe unayahitaji kwa sababu hiyo hiyo.

BintiNjombe

Kamwene wakuu. Mimi nina cha kuongeza kwa wa FoxPro, maana naona wote mmeanzia 2008 wakati kuna mifumo ya nyuma zaidi bado inafanya kazi.

Kama unakutana na FoxPro 2.6 ya DOS, usihangaike kutafuta mwongozo popote. Tafuta faili mbili kwenye folda ya FoxPro: FOXHELP.DBF na FOXHELP.FPT. Mwongozo wenyewe ni jedwali la FoxPro. Kila amri ni rekodi moja, maelezo yake yako kwenye sehemu ya maandishi marefu iliyohifadhiwa kwenye lile faili la .FPT. Unalifungua kwa amri ile ile unayofungulia majedwali ya wateja, unatafuta, hata kuchapa unaweza. Yanakwenda kwa pamoja, ukinakili moja ukaacha lingine umepoteza maelezo yote.

Visual FoxPro 9 ndiyo ilikuwa ya mwisho, na Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2015. Yake ni faili la .chm linaloitwa dv_foxhelp.chm. Watumiaji wenyewe wanaendeleza kazi kwenye mradi wa VFPX, na faili la msaada lililorekebishwa liko huko.

Wa Clipper nao (lugha nyingine ya zama za DOS), tafuteni faili zenye mwisho wa .NG. Ni muundo wa Norton Guides, na programu za kuusoma bado zinapatikana.

Mtukuyu

Dada BintiNjombe, shikamoo kwa elimu hiyo. Sasa mimi nina faili la .hlp la Delphi 7, kwenye Windows 10 halifunguki kabisa. Na .chm moja niliyotumiwa inafunguka lakini upande wa kulia ni mweupe tu. Zimeharibika?

BintiNjombe

Marahaba mdogo wangu. Hazijaharibika, usizifute.

Hiyo .hlp ilikuwa inafunguliwa na programu inayoitwa WinHlp32, na Microsoft waliiacha nje ya Windows kuanzia Vista. Mpaka Windows 8.1 waliitoa kama kifurushi cha kupakua, kwa Windows 10 hawakuitoa. Njia safi ni kuweka Windows XP ndani ya kompyuta pepe (kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya nyingine), kwa kutumia VirtualBox, na kuifungulia humo. Kuna pia programu inaitwa helpdeco, inavunja faili la .hlp na kukupa maandishi yake.

Hiyo .chm nyeupe ni ulinzi wa Windows kwa faili lililotoka kwenye mtandao. Libofye kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, chini kabisa utaona Unblock, weka alama, kubali. Kama bado ni nyeupe, angalia jina la folda lilimo. Likiwa na alama ya # ndani yake, .chm haionyeshi kurasa. Hamishia kwenye folda lenye jina la kawaida. Ukishindwa vyote, 7-Zip inaifungua .chm kama mzigo uliofungwa na kukutolea kurasa zote.

Mtukuyu

Ilikuwa ni alama ya #. Folda linaitwa "Mteja #3". Imefunguka. Nashukuru sana.

MhitimuMUST

Na wa Java? Nina .jar tu (kifurushi cha programu iliyokwisha kutafsiriwa), msimbo hakuna, na viungo vyote vya java.sun.com ninavyovikuta kwenye maelezo ya zamani havinifikishi nilikokusudia.

FundiUyole (mleta uzi)

Sun, waliotengeneza Java, walinunuliwa na Oracle mwaka 2010, anwani zikahamishwa. Fungua .jar kwa 7-Zip, toa faili moja la .class, endesha javap -verbose juu yake, utaona namba ya major version. 49 ni Java 5, 50 ni Java 6, 51 ni Java 7, 52 ni Java 8. Kisha nenda docs.oracle.com/javase/6/docs/api au namba inayolingana. Viungo vile vya zamani vya java.sun.com vibandike kwenye Wayback Machine, vingi vimo.

Kihesa_Dev

Mkuu FundiUyole, nimeusoma uzi wote tangu juu na nimekuelewa kuhusu makato. Nina swali la kweli. Wakati mwingine mwongozo wa zamani wenyewe hausemi. Unaeleza fanksheni kwa mistari miwili, hausemi ukiipa kitu kitupu itarudisha nini. Hapo unafanyaje?

FundiUyole (mleta uzi)

Swali zuri sana, na ni hali inayotokea mara nyingi.

Mwongozo ukinyamaza, naenda kwenye majaribio. Ndani ya msimbo wa PHP wenyewe, fanksheni nyingi zina faili ndogo zenye mwisho wa .phpt. Zimegawanyika sehemu: juu kuna msimbo mfupi unaoita fanksheni kwa namna mbalimbali, na chini, baada ya neno EXPECT, kuna matokeo yanayotarajiwa. Waandishi wa lugha waliziweka ili wao wenyewe wasivunje kitu. Chukua kifurushi cha toleo lako hasa, tuseme 5.2.17 ambalo ndilo la mwisho katika 5.2, tafuta faili la fanksheni yako, aghalabu utakuta wamejaribu kitu kitupu, namba hasi, jedwali badala ya maandishi. Python nayo ina folda ya Lib/test yenye kazi hiyo hiyo. Kwangu mimi hizo ni nyaraka za marejeo kamili, na zina ubora mmoja ambao mwongozo hauna: ziliendeshwa kwenye toleo lile, kwa hiyo si rahisi ziseme kitu ambacho lugha haikifanyi.

Njia nyingine ya haraka kwa PHP ni tovuti ya 3v4l.org. Unabandika msimbo mfupi, inauendesha kwenye matoleo mengi kwa mpigo na kukuonyesha jibu lilibadilikia wapi. Ule mfano wangu wa nafasi wazi na 0 ujaribuni pale, mtaona mstari ulipokatikia. Ila tafadhali msibandike majina wala namba za simu za wakulima. Andikeni mfano wa kubuni wenye umbo lile lile.

Na ukishapata jibu, liandike. Mimi huweka maelezo ndani ya msimbo mpya, juu ya mstari unaohusika: toleo la zamani lilifanya hivi, limethibitishwa kwa jaribio fulani. Atakayekuja baada yangu asianze upya.

MajaniMufindi

Kuhusu kuhifadhi: sisi wa vijijini mtandao ukikatika kazi inasimama. Nimeweka Zeal kwenye kompyuta ya kazi, inashusha nyaraka na kuzisoma bila intaneti. DevDocs nayo inafanya hivyo ndani ya kivinjari, na Python 2.7 wanayo. Nakala ya pili naiacha kwa mteja, kwenye folda moja na mfumo.

MdauVwawa

Nimerudi wakuu. Kwenye news.txt imetoka 5.2.6. Na kwenye diski, ndani ya My Documents ya aliyeuandika, kulikuwa na php_manual_en.chm kama mleta uzi alivyosema.

Nimekwama kwenye bakapu ya hifadhidata. Ni faili la .sql. Nikiliingiza kwenye MySQL mpya linakataa kwenye jedwali la kwanza kabisa, linalalamikia mstari ulioandikwa TYPE=MyISAM. Mwongozo wa MySQL wa leo hautaji kitu hicho mahali nilipotazama.

FundiUyole (mleta uzi)

Hautaji kwa sababu waliliondoa kwenye toleo la 5.5. Mbadala wake ni ENGINE=MyISAM, maana ni ile ile. Miongozo ya MySQL ya matoleo ya nyuma iko kwenye hazina ya nyaraka ya downloads.mysql.com, chukua ya 5.0 au 5.1 kulingana na folda uliyokuta kwenye diski.

Lakini usibadilishe neno hilo ukaendelea. Shida ya pili inakuja: MySQL kuanzia 5.7 kwa mipangilio yake ya kawaida inakataa tarehe ya 0000-00-00, na mifumo ya zamani iliitumia kumaanisha kwamba tarehe haijajazwa. Kwenye mfumo wako inaweza kuwa ndiyo alama ya mkulima ambaye hajalipwa. Watu wanaibadilisha kuwa tarehe ya leo ili faili liingie, na kwa kitendo hicho wadai wote wanageuka kuwa wameshalipwa.

Ushauri wangu: weka MySQL ya toleo lile lile ndani ya kompyuta pepe isiyounganishwa na mtandao, ingiza bakapu humo bila kubadilisha herufi, hakikisha mfumo unawaka kama zamani. Ukiwa na huo unaofanya kazi, ndipo uanze kuhamisha, jedwali moja baada ya jingine, huku ukilinganisha.

MdauVwawa

Nimefanya hivyo. Nimeweka XP ndani ya VirtualBox, PHP 5.2.6 na MySQL ya toleo lililokuwa kwenye diski. Mfumo umewaka. Tarehe za 0000-00-00 zipo kweli, na kwenye msimbo nimekuta sharti linalozitumia kuchagua wa kulipwa, vilevile ulivyosema.

Nimechapa ripoti ya msimu mmoja, mhasibu wa chama akaleta leja ya karatasi ya msimu huo, tukapitia jina kwa jina. Jumla zinalingana mpaka senti. Wiki ijayo naanza kuandika upya sehemu ya makato. Nakala za miongozo ya PHP 5.2 na MySQL nimeziweka kwenye flashi, aliyeko Vwawa, Mlowo au Tunduma na anazihitaji anijulishe hapa hapa.